Macho ya Barabara ya Shaba

Kasumbalesa ndipo barabara inapohamia mkono wa pili. Ukiwa Zambia unaendesha kushoto. Ukishavuka mageti ya Kongo unatakiwa uwe kulia, na hapo katikati kuna zogo la mawakala, wabadilisha fedha na vijana wanaouza maji ya mifuko. Lori nililopewa lifti lilikuwa limetoka Dar es Salaam na salfa ya migodini, usukani wake kulia kama magari yote ya Tanzania. Ndani ya Kongo usukani huo unaangukia upande wa mtaro. Dereva anaona majani, baiskeli na migongo ya watu, lakini gari linalokuja mbele halioni mpaka awe ameshajitokeza. Kwa hiyo tangu mpakani hadi Kolwezi, karibu kilomita 400, anayeamua kama tulipite lori la mbele au tusilipite si dereva. Ni utingo.

"Vipi huko?"

"Bado. Kuna tangi linakuja."

"Sasa je?"

"Twende, twende!"

Mimi nilikuwa nyuma yao kwenye kitanda cha dereva, nimeshika chochote kilichoshikika. Dereva ni mtu wa Mbalizi, mkimya, asiyependa redio akiwa barabarani. Kongo ilishapiga marufuku uingizaji wa magari ya usukani wa kulia, na mtu akishasafiri kwa staili hii ya kuuliza na kujibiwa haulizi tena kwa nini. Malori ya safari kama letu, hata hivyo, yanaendelea kuingia kila siku, kwa sababu shaba haiwezi kungoja Afrika nzima ikubaliane juu ya upande wa kuendeshea.

Swali nililosafiri nalo lilianzia nyumbani. Tanzania mabasi ya mikoani yamefungwa kifaa cha VTS kinachotuma mwendo wa gari moja kwa moja kwa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Dereva akivuka kilomita 80 kwa saa, kengele inalia ndani ya basi na alama inabaki ofisini. Baadaye ukaja utaratibu wa i-button, kitufe ambacho dereva anajitambulisha nacho kabla ya kuondoka, ili ijulikane ni nani aliyeshika usukani na ameushika kwa saa ngapi. Mabasi yaliporuhusiwa tena kutembea usiku mwaka 2023, baada ya zuio lililodumu tangu miaka ya 1990, naamini bila vifaa hivyo ruhusa ingechelewa zaidi. Kenya ilianza na vidhibiti mwendo vya matatu mwaka 2004, enzi za waziri John Michuki, na jina lake likabaki kwenye kanuni hizo. Kigali wana kamera za barabarani ambazo wananchi wenyewe wamezibatiza Sofia, kama vile ni shangazi mkali anayekaa kwenye kona. Nilitaka kuona Kongo imeweka nini kwenye barabara inayobeba sehemu kubwa ya kobalti ya dunia.

Jibu la kwanza nililipata pale pale mpakani, na lilikuwa jibu la karatasi zilizogeuka kuwa kompyuta. Mzigo wetu ulikuwa na FERI, ile fomu ya kielektroniki ya taarifa za bidhaa ambayo kila wakala wa Dar es Salaam anayefanya kazi za Kongo anaijua kuliko siku ya kuzaliwa ya mwanawe. Ulikuwa na T1, hati za forodha za mizigo ya kupita, za nchi ulizopita, na gari lilikuwa na kadi ya njano ya bima. Forodha ya Kongo, DGDA, inasoma mzigo kwenye mfumo wa Sydonia, na nyaraka za biashara ya nje zinapita kwenye dirisha moja la SEGUCE. Ndani ya kompyuta hizo salfa yetu ilikuwa imeshafika zamani. Sisi wenyewe tulikuwa bado kwenye foleni, tunakula chipsi za mkaangaji mmoja wa Kizambia aliyejua kusema "karibuni" kwa lafudhi ya Kariakoo.

Foleni ya Kasumbalesa ni mji kamili. Watu wanalala humo, wanafua, wanauguzana. Kuna siku inarudi nyuma kwa kilomita nyingi hadi ndani ya Zambia, na dereva anayesinzia kwenye foleni usiku kucha ndiye huyo huyo atakayeendesha asubuhi akifunguliwa geti. Mashine zinajua kila mfuko uliomo kwenye tela, ila hakuna inayojua dereva amelala saa ngapi. Hilo lilinikera mapema, na sikujua kwamba ndilo nitakalokuwa nikikutana nalo njia nzima kwa sura nyingine nyingine.

Juu ya dashibodi ya lori kuna kiboksi chenye taa ya kijani. Tulipokuwa tumesimama kando ya barabara baada ya Lubumbashi, dereva akikaza boliti za gurudumu, simu yake iliita. Ilikuwa ofisi ya Dar es Salaam.

"Mbona umesimama hapo?"

"Natazama tairi, bosi."

"Sawa. Usikae sana."

Setilaiti imeliona lori. Imeliona likiwa kwenye kichaka cha Katanga, zaidi ya kilomita elfu mbili kutoka ofisini, na imetaka maelezo. Dereva alirudisha simu mfukoni bila kinyongo. "Wanaogopa wizi, kaka," alisema. "Tukirudi na shaba ndiyo wanapiga kila saa." Alikuwa akieleza kwa lugha yake kile ambacho kifaa kimewekwa kufanya. Kinachunga mzigo. Kikisaidia pia kupunguza mwendo, ni faida ya pembeni, na kinapunguza kwa sababu mwenye gari hataki dizeli nyingi iungue, wala si kwa sababu ya mama anayevuka na beseni lake.

Kabla ya hapo, mjini Lubumbashi, nilikaa kidogo kwa ajili ya roboti. Msomaji wa Afrika Mashariki huenda alikwishaona picha zao, maana zilizunguka dunia: mtu wa alumini mwenye urefu wa kama mita mbili na nusu, miwani nyeusi, amesimama katikati ya barabara ya Kinshasa, mkono mmoja umenyooshwa, kifua kina taa nyekundu na ya kijani. Ni kazi ya mhandisi Mkongomani, Thérèse Izay Kirongozi, na shirika lake la Women's Technologies. Ya kwanza yalisimamishwa Kinshasa mwaka 2013. Mwaka 2015 yakaongezwa matatu yaliyopewa majina kabisa, Tamuke, Mwaluke na Kisanga, kwa bei iliyotajwa wakati ule ya dola 27,500 kwa kila moja, na mengine yakapelekwa huku Katanga. Yanatumia umeme wa jua, jambo la busara katika nchi ambayo taa za kawaida za barabarani huzimika pamoja na mtaa mzima. Yana kamera za kurekodi magari.

Magazeti ya Ulaya yaliyachukulia kama kioja. Mimi nadhani yalikuwa na wazo moja zito kuliko kamera nyingi zilizofungwa tangu wakati huo katika miji yetu. Roboti lile lilikuwa linaongea na mtu wa miguu. Likishazuia magari linageuka na kumwambia mvukaji kwamba sasa apite. Kifaa kimetengenezwa kuanzia kwa anayetembea, halafu dereva ndiye anayesubirishwa. Na Wakongomani waliohojiwa wakati ule walirudia sifa nyingine ambayo mhandisi hakuhitaji kuiandika kwenye mchoro wake: roboti haliombi kitu kidogo.

Nilimuuliza dereva mmoja wa teksi mjini Lubumbashi kama anayakumbuka. Alicheka kwanza. "Ile haikuwa mubaya, mukubwa," alisema. "Ilikuwa inasimamisha hata jeep ya mukubwa wa serikali." Kisha akataja upande wa pili, kwamba polisi wa roulage, wale wa usalama barabarani, huwa wanajua ni jeep ya nani.

Roboti moja au matano si mpango wa serikali. Ni ubunifu wa watu wachache ambao serikali iliununua, ikapigwa picha nao, na ikaachia hapo. Kuliunda halikuwa jambo gumu zaidi. Vijana wa Kinshasa waliliweza. Kazi ngumu ni kuwa na bajeti ya fundi wa kulitengeneza mwaka wa nne, betri zinapochoka.

Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni kama kilomita 120, na lami yake ni nzuri kiasi cha kumfanya dereva asahau. Wanaume wanasukuma baiskeli zilizobebeshwa magunia ya mkaa, mtu mwenyewe haonekani, unaona gunia linatembea. Wanafunzi wanarudi kwa makundi. Baada ya Likasi, pale Nguba, barabara inagawanyika: moja inapanda kaskazini kwenda Kamina na Kasai, nyingine ndiyo barabara ya taifa namba 39, ya kwenda Fungurume, Kolwezi na hatimaye Dilolo mpakani mwa Angola. Kuanzia hapo unaingia kwenye mto wa malori. Kushoto kwako kunapita mabamba ya shaba yaliyofungwa kwa minyororo, yanang'aa hadi yanaumiza macho saa za jioni. Kuna mifuko mikubwa ya kobalti. Kulia kwako, kwa mwelekeo wa migodini, kuna chokaa, mafuta, salfa kama yetu, vipuri, na matangi ya asidi.

Hesabu yake si ngumu kuipiga. Mgodi wa Kamoa-Kakula peke yake, nje kidogo ya Kolwezi, ulitoa zaidi ya tani 437,000 za shaba mwaka 2024. Lori hubeba kama tani 30. Hata kama shaba hiyo ingekuwa safi kabisa, hizo ni safari zaidi ya 14,000 za mgodi mmoja kwa mwaka mmoja. Na kwa sehemu kubwa haikuwa safi, ilikuwa makinikia, ambayo karibu nusu yake ni uchafu unaosafirishwa kwa gharama ile ile. Ongeza Tenke Fungurume, KCC, Mutanda, Metalkol, Sicomines. Kongo ilikwishaipita Peru na kuwa nchi ya pili kwa shaba duniani, na sehemu kubwa ya ushindi huo inapita mbele ya milango ya watu kwenye kipande hiki cha lami.

Februari 2019, kwenye kijiji cha Kabwe, barabara hii hii, lori la asidi ya salfa lililokuwa likielekea mgodi wa Mutanda liligongana na magari mengine mawili. Asidi ikawamwagikia watu waliobanwa kwenye mabaki. Walikufa watu wasiopungua 18. Nimesoma taarifa nyingi za ajali katika kazi hii, lakini hiyo huwa siwezi kuisoma hadi mwisho kwa mara moja. Asidi ile haikuwa hapo kwa bahati mbaya. Ndiyo inayoyeyusha shaba na kobalti kutoka kwenye jiwe, na bila matangi hayo viwanda vingi vya ukanda huu vinasimama. Kwenye tangi la kisasa kuna kibao cha rangi ya machungwa chenye namba. Ukiona 1830, hiyo ni asidi ya salfa. Zimamoto wa Durban anaijua namba hiyo. Mwanakijiji atakayekuwa wa kwanza kufika, kama ilivyo kwenye ajali zote za Afrika, hakuna aliyemfundisha.

Kwenye kijiji kimoja kabla ya Fungurume tulipunguza mwendo ghafla hadi vichwa vyetu vikatikisika. Matuta. Hayakuwa ya serikali, yalikuwa ya udongo mwekundu na mawe, yamerundikwa kwa majembe kukatiza lami. Mama mmoja alikuwa akiuza mihogo mibichi na karanga kando yake, mahali pazuri sana kibiashara, kwa kuwa kila lori lazima litambae mbele ya meza yake.

"Nani aliweka hii, mama?"

"Siye benyewe, papa. Bakamyo banapitaka na mwendo sana. Njo tulitiya dodane yetu."

Aliniambia wahandisi wa barabara walikuja wakayaondoa, na vijana wakayarudisha usiku. Nilipomuuliza kama kuna namba ya simu ya kuwapigia lori likipita kwa kasi, alinitazama kwa huruma, akaniongezea karanga.

Sitaki kuyasifu matuta ya udongo. Gari la wagonjwa nalo linatambaa juu yake, na mvua ikinyesha yanageuka mashimo. Ila yule mama na wenzake wametambua kasi kuwa ndiyo tatizo, wakatafuta chombo, wakakiweka pale watoto wanapovukia. Ofisi ngapi za mipango zinaweza kusema hivyo? Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2023, linasema watu kama milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Kati ya 2010 na 2021 vifo hivyo vilipungua duniani kwa jumla. Kanda ya Afrika viliongezeka kwa asilimia 17. Wengi wa wanaokufa ni wale walioko nje ya gari, na karibu vifaa vyote nilivyokuwa nimeviona hadi hapo vilikuwa ndani yake.

Serikali yenyewe, ukitaka kuikuta barabarani, iko kwenye peaji, vituo vya tozo. Kongo ilianzisha mfuko wa matengenezo ya barabara, FONER, mwaka 2008, na tozo za barabarani ni sehemu ya namna ya kuulisha. Mwaka huo huo ndio uliotiwa saini mkataba maarufu na Wachina, miundombinu kwa madini, uliozaa Sicomines iliyopo Kolwezi. Mkataba ulijadiliwa upya, na Machi 2024 wakakubaliana kwamba kampuni hiyo itatoa dola milioni 324 kila mwaka hadi 2040, nyingi zikiwa za barabara. Kuna sharti ndani yake ambalo kila dereva angepaswa kusomewa: fedha hizo zinategemea bei ya shaba kubaki juu ya dola 8,000 kwa tani. Yaani shimo la barabarani Likasi linaweza kuzibwa au kuachwa kutokana na kilichotokea asubuhi kwenye soko la madini la London. Kwa lugha ya wahasibu huo ni mpango mzuri. Nikiwa kwenye kitanda cha lori, nikirushwa, niliona ni mpango wa ajabu.

Kwenye geti la peaji kuna kamera, taa, kizuizi kinachoinuka chenyewe, risiti inayotoka kwenye mashine. Inafanya kazi. Hilo linanithibitishia kwamba uwezo upo. Mita chache mbele ya geti hakuna mahali pa kuvukia, na watu wanavuka kwa kukimbia.

Mtu asidhani sheria hakuna. Kanuni za barabara za Kongo ni sheria namba 78-022 ya Agosti 30, 1978. Nilipoikumbuka tarehe hiyo tulikuwa tunakaribia Kolwezi, na mwaka ule una maana yake hapa: Mei 1978 waasi waliotokea Angola waliuteka mji huu, na askari wa Ufaransa wakashushwa kwa miavuli. Miezi mitatu baadaye Mobutu akasaini sheria ya barabara. Ni sadfa tu, lakini fikiria nchi ile ilivyokuwa. Shaba ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilikuwa inasafiri kwa treni. Reli ya Benguela ilikuwa imekatwa na vita vya Angola tangu 1975, basi mzigo ulizungushwa kusini kwa reli, au ulipelekwa kwa reli na mto hadi Matadi. Sheria ya barabara iliandikwa kwa ajili ya nchi ambayo barabara zake hazikubeba shaba. Reli ikafa polepole, migodi ikafufuka baada ya 2002 mikononi mwa kampuni binafsi, na mzigo wote ukamwagwa juu ya lami na juu ya sheria ambazo hazikuutarajia.

Kolwezi ni mji unaokaa ukingoni mwa mashimo. Tangu 2015 ni makao makuu ya jimbo la Lualaba, na fedha za jimbo zinaonekana: lami mpya, taa za sola, majengo ya vioo. Ukigeuka mtaa mmoja unakutana na ukuta wa mgodi, na ng'ambo ya ukuta ardhi imeondolewa. Malori, jeep za kampuni zenye bendera nyekundu juu ya mlingoti, pikipiki zilizobeba watu watatu na gunia, vyote vinagombea barabara zile zile. Katika mzunguko mmoja nilimtazama askari wa roulage, mwanamke mwembamba mwenye shati la njano, akisimamisha tangi la mafuta kwa kiganja na kuwavusha watoto wa shule. Hakuwa na kifaa chochote zaidi ya filimbi. Jeep za migodi zina masanduku yanayorekodi mwendo, na dereva wa kampuni akizidisha anaitwa ofisini kesho yake. Ukitaka kujua mwendo salama mjini Kolwezi ni upi, fuata jeep ya mgodi. Anayeiendesha anaogopa kompyuta, na hilo ni jambo jema, ingawa kompyuta hiyo si ya serikali.

Hapa ndipo nilipobadilisha mawazo kuhusu teknolojia ya usalama ni ipi. Mwishoni mwa 2025 Kamoa waliwasha mtambo wa kuyeyushia shaba wenye uwezo wa tani 500,000 kwa mwaka. Badala ya makinikia, inatoka shaba ya zaidi ya asilimia 99, kwa hiyo shaba ile ile inahitaji kama nusu ya malori. Moshi wake unanaswa na kugeuzwa asidi ya salfa, asidi inayohitajika na migodi jirani, ambayo huko nyuma ililetwa kutoka mbali, au ilitengenezwa kwa salfa inayotoka bandarini. Bado itapakiwa kwenye matangi, lakini safari zitakuwa fupi. Hakuna aliyejenga mtambo ule kwa ajili ya watembea kwa miguu wa barabara namba 39. Waliujenga kupunguza gharama za usafiri. Hata hivyo siwaoni watu wa kamera na vipima mwendo wakipunguza malori kwa kiasi hicho.

Na kuna reli. Kampuni ya Lobito Atlantic Railway ilipewa kuendesha njia ya Benguela kwa miaka 30, na mwisho wa Desemba 2023 mzigo wa majaribio wa makinikia ya Kamoa ulifika Lobito baada ya siku nane, wakati lori la kwenda Durban huchukua wiki kadhaa. Kutoka Kolwezi hadi Lobito ni kilomita 1,739, na takriban 450 kati ya hizo ni za upande wa Kongo, mikononi mwa SNCC, shirika la reli ambalo mabehewa yake yaliyolala stesheni ya Kolwezi yameotwa na nyasi. Marekani, Ulaya na China wote wana hamu na reli za ukanda huu, kila mmoja kwa sababu zake za madini. Naunga mkono yeyote atakayefika kwanza. Dereva wangu wa Mbalizi, nilipomweleza hivyo wakati wa kuagana, hakufurahi. "Kaka, reli ikipona sisi tutakula wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa, na alilijua hilo, akapanda lori lake akaenda kushusha salfa.

Jioni nilichukua pikipiki kutoka Manika, humo humo Kolwezi, kwenda nilikolala. Kijana alikuwa na kofia ngumu moja, ameitundika kwenye mpini. Kongo inatoa leseni za kielektroniki kupitia tume ya CONADEP, kwa hiyo nilimuuliza kama anayo.

"Permis? Iko kwa nyumba, papa."

Nilimweleza kuhusu mabasi ya kwetu, kifaa kinachotuma mwendo, kengele, kitufe cha dereva. Alisikiliza kwa makini, akakwepa lori la chokaa, akauliza huku amegeuza kichwa nyuma kabisa:

"Na mwenye moto, kile kifaa kinamuonaka?"

Nikamwambia hapana, ni kwa mabasi, bodaboda hazimo.

"Bon," alisema. "Basi ni kama huku."

Tulipofika alidai mara mbili ya bei tuliyokubaliana, kwa sababu, alisema, mazungumzo yamemchelewesha. Tulibishana kidogo kisha nikalipa, na nikamwomba avae ile kofia. Akaivaa, bila kufunga mkanda.